Nakala Tatu za Kazi ya Mke Wangu

Kompyuta ya kwanza niliyoifungua ilikuwa nzima. Haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa ya shule, imeletwa kwa ajili ya ofisi ya walimu, na mimi nilikuwa mwalimu mgeni wa sayansi hapa Mbinga, sina hata kitanda cha maana. Siku ya tatu nilibaki peke yangu ofisini saa ya chakula, nikachukua bisibisi, nikaifungua ubavu ili nione tu. Nilipofunga, ikakataa kuwaka. Nilihangaika nayo wiki mbili huku nikiwaambia wenzangu ni umeme wa Mbinga. Mwisho nikagundua kipande cha memori kilikuwa kimekaa upande. Nikakitoa, nikayasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, nikakirudisha mpaka kikalia tak, na mashine ikawaka. Mwalimu mkuu alinishukuru mbele ya watu. Tangu siku hiyo nikaitwa fundi, kwa kutengeneza nilichokiharibu mwenyewe.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Mikono yangu haitulii. Nikikaa kwenye kiti lazima nipapase chini ya meza kuona kama kuna skrubu. Mke wangu husema hata kanisani, wakati wa mahubiri, vidole vyangu huchezea kibanio cha mkoba wake, kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka watu wa benchi la mbele wanageuka. Ni kweli, na sijui dawa yake.

Nyumbani kwetu kuna chumba ambacho kingekuwa cha wageni. Mke wangu anakiita zahanati, kwa sababu kimejaa wagonjwa wa watu: kompyuta ya katekista, ya mwenye steshenari, za walimu wa shule tatu. Humo nimejifunza mambo ambayo sikuyakuta kwenye kitabu chochote. Mama mmoja muuza vifaa vya shule alikuwa na mashine iliyozima kila siku ikifika saa kumi jioni, akaombewa na vikundi viwili vya sala. Nilikwenda kukaa dukani kwake jioni moja. Saa kumi jirani akawasha mashine ya kusaga unga, umeme ukashuka, taa ikawa ya njano, na kompyuta ikazima. Mgonjwa alikuwa waya wa mtaa. Mwalimu mwingine aliniletea mashine iliyogoma kufungua barua pepe, kila ukurasa inasema si salama, naye amekwisha kushuku wezi wa mitandaoni. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, basi. Ndani kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, ikifa mashine inasahau leo ni lini, na ikisahau tarehe haiamini kitu chochote. Nyingine mshale wake ulirukaruka kama panzi kila ilipochajiwa, na ukigusa bati lake vidole vinawasha. Ukichomoa chaja, mshale unatulia. Nyumba ile haikuwa na waya wa ardhini. Nilikuwa nikiyatatua mambo hayo natembea barabarani kifua mbele kama mganga aliyeponya kijiji.

Lakini ushauri nilioutoa kuliko wote ulikuwa wa nakala. Aliyeleta mashine yake hakuondoka bila kuhubiriwa. Weka kazi yako mahali patatu, nilisema: kwenye mashine yako, kwenye flashi, na kwenye mashine ya mtu mwingine iliyo nyumba nyingine, kwa maana moto ukija hauchagui. Niliwachosha watu. Katekista alikuwa akiniona tu anainua vidole vitatu kabla sijafungua mdomo.

Mke wangu naye ni mwalimu, anafundisha kijijini kwao, ufukweni, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Tumeomba uhamisho mpaka tumechoka kuomba. Kwa hiyo siku za kazi anakaa kwa mama yake, Ijumaa jioni anapanda gari kuja Mbinga, na Jumapili baada ya ibada anateremka tena ziwani. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni. Miaka mitatu kabla ya mkasa huu alianza kusomea shahada kwa masafa, akiandika usiku na kufundisha mchana, na mwaka huu ninaousimulia alibakiza jambo moja tu: kazi yake ya utafiti. Aliiandika kwenye laptopu ya mtumba niliyomnunulia na kuifufua mwenyewe. Kila alipokuja aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaniuliza kazi yake iko salama.

"Iko mahali patatu," nilijibu.

Nililipenda jibu hilo. Ndilo lililonifanya nijione mume wa maana katika nyumba ambayo mwenzangu anasoma na mimi nafungua fungua.

Ikaja Aprili. Siku ya Jumatano, mke wangu akiwa shuleni, upepo wa mvua uliinua bati la nyumba ya mama yake, juu ya chumba chenye meza ya kuandikia. Maji yalishuka na masizi ya jikoni ya miaka yote. Mama mkwe alipoingia alikuta laptopu imezimwa, imefungwa, imelala kwenye kidimbwi cheusi.

Mama mkwe wangu anaanika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo ufuko mzima unavila na kuviuza. Kabla ya kuwaanika anawasuuza kuondoa mchanga, kisha anawatandaza juu ya kichanja cha matete, na jua la siku moja likiwa zuri jioni wamekauka. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu usichana wake, na hakuna kitu kinachopanda kichanja chake kikiwa kichafu. Basi alipoona mvua imekatika na jua limetoka, aliifungua ile laptopu kama kitabu, akaisuuza kwa ndoo mbili za maji safi, akaiweka juu ya kichanja katikati ya usipa.

Jioni mke wangu alinipigia, akampa mama yake simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mashine yenu nimeiokoa. Ilikuwa nyeusi tii! Nimeisuuza maji mawili, nimeianika vizuri. Upande wa juu umeshakauka, nimeigeuza."

"Ahsante sana, mama."

Ningesema nini? Mtu habishani na mama mkwe, na kwenye simu hata kuguna ni kukosa adabu. Nilipokata simu nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kijinga. Mashine iliyozimwa ikiingiwa na maji machafu, mafundi wazuri huiosha kwa maji safi kabla ya kuikausha, kwa sababu uchafu unaobaki ndani unadhuru kuliko maji yenyewe. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba hakuitoa betri, na hilo hakuna aliyemwambia. Mama mkwe alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Aliyeharibu bado alikuwa hajaanza.

Ijumaa laptopu ikaletwa Mbinga imefungwa kwenye kitenge. Nilinusa kabla sijaiona. Katikati ya herufi kulikuwa na magamba ya usipa yanayong'aa, na kwenye tundu la chaja sisimizi walikuwa wakiingia na kutoka kwa mstari, kama watu wenye hati ya kiwanja. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza mke wangu, lakini alikuwa ametulia kuliko mimi.

"Harufu itatoka," alisema. "Kazi si iko mahali patatu?"

"Iko."

"Basi. Msimamizi wangu anaitaka kabla mwezi haujaisha. Ijumaa ijayo nitaichukua nikaichapishe. Ikichelewa hapo, nasubiri mwaka mwingine mzima, na mimi kusubiri tena siwezi."

Alilisema hilo la mwisho akiangalia sufuria, si mimi. Nilimwahidi.

Nilifanya yote yanayotakiwa. Nilitoa betri, nilifungua mgongo, niliwafukuza sisimizi kwa brashi ya rangi. Nilivitandaza vipande juu ya chekeche, kivulini penye upepo. Mimi ni mtoto wa kahawa, nimezaliwa upande wa Litembo, na nilichokijua kuhusu kukausha nilikijua kwa mama yangu. Kahawa ya maganda ukiichoma jua la saa sita inapasuka. Unaianika asubuhi, mchana unaifunika, jioni unaifunua kidogo, na unahesabu siku. Mimi nilikuwa mtoto wa kuiba punje kila saa na kuitafuna, kuona kama imeshakuwa ngumu. Mama alinipiga vidole kwa mwiko. "Utaitafuna yote ukiwa unapima," alisema. Basi na hii mashine niliipa wiki nzima. Ndivyo ninavyowaambia wote wanaoniletea simu zilizoingia chooni: wiki, na usiiwashe, usiiwashe, usiiwashe.

Mke wangu aliteremka Jumapili. Jumatatu saa kumi jioni, nikitoka kwenye vipindi, nilirudisha betri, nikabonyeza.

Sikuwa na sababu. Nimejitafutia sababu tangu siku ile na sijaipata. Nilitaka tu kuona. Taa ya bluu iliwaka, nikasikia diski ikianza kuzunguka, nikafurahi kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha kikalia kitu kidogo ndani, tik, na harufu ya plastiki iliyoungua ikashinda harufu ya usipa. Nilichomoa betri. Diski nikaitoa, nikaifunga kwenye mashine nyingine, sikusikia hata mguno. Maji yaliyobaki chini ya kibao chake cha umeme yalikuwa yameikaanga. Kama ningengoja mpaka Ijumaa, labda ingekuwa hai.

Hapo hata sikuogopa. Nilikuwa na nakala mbili nyingine.

Nilifungua mtoto wa meza nikatoa flashi. Nilipoichomeka nikaona mafaili ya kupigia mfumo upya, yale ambayo fundi huyaweka kwenye flashi ili kuzindua mashine iliyokufa. Nikakumbuka. Siku chache kabla ya Kwaresima kompyuta ya katekista ilikuwa imegoma, nami nilitaka kuitengeneza siku ile ile, saa ile ile. Flashi zangu nyingine zote zilikuwa kwa watu. Nikachukua hii, nikaifomati, nikajiambia nitarudisha kazi ya mke wangu kesho yake. Kesho yake ilikuwa na mgonjwa mwingine.

Nikageukia kompyuta ya mezani. Pale kwenye kioo kulikuwa na folda yenye jina la kazi yake, nimeiona kila siku kwa miezi. Niliibonyeza. Mashine ikaniambia kwamba kitu ninachokitafuta hakipo, labda flashi imechomolewa. Nikasogeza uso karibu na kioo. Kwenye kona ya ile folda kulikuwa na mshale mdogo, mdogo kama ukucha wa kifaranga, unaopinda kwenda juu. Ilikuwa njia ya mkato. Sikuwahi kunakili kazi yenyewe, nilinakili kibao kinachoelekeza kwenye flashi, na kila nilipoifungua ilifunguka kwa sababu flashi ilikuwa imechomekwa. Ukubwa wake wote ulikuwa kilobaiti moja, na kazi ya miaka mitatu haiwezi kuwa kilobaiti moja. Mshale huo nimewaonyesha walimu wasiopungua ishirini. Nimewaambia, ukiuona hujahifadhi kitu. Nimewaambia pia kwamba nakala haijawa nakala mpaka uifungue kwenye mashine nyingine. Mimi mwenyewe sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Sikuweza kukaa ndani. Nilitoka nikatembea mpaka sokoni, nikarudi, nikatoka tena. Mke wangu alipiga simu saa kumi na mbili.

"Umeshaiandaa kazi yangu?"

"Ndiyo naishughulikia."

"Usinitumie kwa simu, mtandao wa huku unaujua mwenyewe. Ijumaa."

"Ijumaa," nilisema. Niliona aibu, na nikaona hasira pia, hasira ya kuulizwa, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Jumanne nilianza kuokoa. Kufomati kwa haraka hakufuti vitu, kunafuta orodha yake tu. Ni kama kuchana daftari la mahudhurio: watoto bado wamo darasani, ila hakuna anayejua wameandikwa wapi. Kanuni ni kutoandika kitu kingine chochote juu ya flashi hiyo, na vilivyookolewa kuvipeleka kwenye mashine nyingine. Nilikuwa nimeshaandika mfumo mzima juu yake, lakini mfumo ulikula robo tu ya nafasi. Programu ya kuokoa ikafanya kazi siku nzima nikiwa darasani. Niliwafundisha watoto usanisinuru bila kujua ninachosema. Jioni nilikuta mamia ya mafaili kwenye laptopu yangu.

Tatizo ni kwamba vitu vinavyookolewa namna hiyo vinarudi bila majina. Vyote vimepewa namba. Faili namba fulani ni mtihani wa nusu muhula, linalofuata ni orodha ya kamati ya harusi, linalofuata ni nyimbo za kwaya, jingine linafunguka likiwa limejaa vijisanduku vitupu. Flashi ile ilikuwa imepita mikononi mwa walimu wengi kabla ya kuwa ya mke wangu. Jumanne na Jumatano nilifungua moja moja, nikipiga miayo, nikisimama, nikikaa, nikilia kidogo na kunawa uso. Nikapata kazi za utafiti tano. Zote za Kiingereza cha chuo, zote kuhusu shule za msingi na wanafunzi, zote kurasa za mwanzo zimeliwa au zimeharibika. Walimu wanaosoma shahada ni wengi, na wote wamepita zahanati.

Nikaanza kusoma ya kwanza, nikaacha. Ya pili, nikaacha. Na hapo ndipo nilipogundua jambo lililoniuma kuliko diski iliyoungua. Sikujua ipi ni ya mke wangu, au kama yake imo kabisa.

Kuna programu inayotafuta neno ndani ya maandiko yote kwa pamoja. Unahitaji neno moja tu, liwe la kazi hiyo peke yake. Niliandika wanafunzi, kwa Kiingereza, yakaja mafaili karibu yote. Nikaandika mahudhurio, yakaja mengi. Nikaandika ziwa, yakaja maswali ya jiografia. Nilikaa mbele ya kile kisanduku kitupu cha kuandikia neno, na sikuwa na neno. Nilikumbuka Ijumaa nyingi, yeye amekaa kwenye kizingiti cha zahanati anaanza kunieleza alichokipata wiki hiyo, na mimi nina bisibisi mdomoni nasema ehee, ehee. Nilijua ukubwa wa faili lake kwa kilobaiti, ingawa yaliyookolewa hayakurudi na ukubwa wake. Nilijua aina ya herufi aliyotumia, kwa sababu nilimshauri mimi, kama nilivyowashauri walimu wote. Lilihusu nini, sikujua.

Alhamisi nikaomba ruhusa ya siku mbili kwa mwalimu mkuu, nikapakia laptopu yangu, nikapanda gari la asubuhi kuteremka ziwani. Ningeweza kupiga simu. Lakini jambo la namna ile kwenye simu ningelikwepa, najijua. Njia nzima kona baada ya kona nilipanga maneno, na gari lilipotokea pale unapoliona ziwa lote kwa mara moja, sikuliangalia. Nilikuwa nahesabu skrubu za siti ya mbele.

Niliwakuta wote wawili kwenye kichanja, saa ya mapumziko ya shule, wanageuza usipa. Nilimwamkia mama mkwe, akaitikia na kufurahi, akaniuliza mashine imepona? Mke wangu aliniangalia mara moja tu, akaangalia mkoba wangu, akaacha kugeuza.

"Haipo," nilisema. "Kazi yako. Laptopu nimeiunguza mimi, niliiwasha kabla haijakauka. Flashi niliifuta nikatengenezea kompyuta ya katekista. Na ya nyumbani haikuwahi kuwepo."

"Haikuwahi?"

"Ilikuwa njia ya mkato."

Hakuuliza njia ya mkato ni nini. Alirudi kugeuza usipa, taratibu, mstari mmoja hadi mwisho.

"Flashi uliifuta lini?"

"Kabla ya Kwaresima."

"Na mimi kila Ijumaa nakuuliza."

"Ndiyo."

Nilifungua mkoba haraka haraka, nikaanza kueleza habari za kuokoa, mafaili mamia, majina yamepotea, ila kuna uwezekano, kinachotakiwa ni neno moja tu ambalo...

"Utafiti wangu unahusu nini?" mke wangu akauliza.

Nikaitoa laptopu mkobani, nikaifungua.

"Nakuuliza, mwalimu. Miaka mitatu nimeandika kuhusu nini?"

"Mahudhurio," nilisema. "Wanafunzi. Kutokuja shule."

"Kutokuja shule kwa nini?"

Nilisimama pale na laptopu imefunguka mkononi kama mtu anayeuza vitabu. Mama mkwe, ambaye hakumaliza darasa la nne, alipangusa mikono kwenye khanga yake, akanihurumia.

"Ni usipa, mkwe," alisema. "Usipa wakipatikana kwa wingi watoto wanabaki huku kuanika, shule hawaji. Mwaka mzima alikuwa ananiuliza, wanapatikana lini, wanakaukaje, mtoto anafanya nini saa ngapi. Hata mimi kaniandika humo."

Nikaweka laptopu kwenye pembe ya kichanja, nikaandika usipa. Likaja faili moja. Lilikuwa mojawapo ya yale matano, la pili, lile nililolianza na kuliacha.

Mke wangu alilitambua kabla sijalifungua vizuri. Alilisogeza chini kwa kidole chenye magamba, akasoma hapa, akasoma pale, midomo ikicheza. Sura nne zilikuwa salama. Ya tano, yenye yale aliyoyapata na anayoyashauri, aliiandika baada ya Kwaresima kuanza, na haikuwemo. Aliinuka akarudi darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imegongwa.

Nilibaki kibarazani nikaisoma. Nilisoma mchana wote, mara ya kwanza, neno kwa neno. Ilikuwa kazi nzuri. Kulikuwa na msichana asiyetajwa jina aliyekuwa akija shule saa nne na mikono yenye harufu, akikaa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja mwanikaji aliyemwambia mtafiti kwamba hamnyimi mtoto shule, anamnyima siku tatu tu, ila siku hizo tatu zinarudi kila mwezi. Nilimjua mama huyo, alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Na ukurasa wa shukrani, ambao aliuweka mwisho kabisa wa faili na kwa bahati haukuliwa, ulimshukuru Mungu, kisha mama yake, kisha mimi. Kwa Kiingereza chake cha uangalifu aliandika kwamba anamshukuru mume wake, ambaye kwa muda wote wa masomo aliitunza kazi hii mahali patatu.

Aliporudi jioni alileta kauntabuku mpya. Tulikaa chini kwenye mkeka, akaanza kuitunga upya sura ya tano, akiandika kwanza kwa mkono, akiisoma kwa sauti, mimi nikiichapa. Tulifanya hivyo Ijumaa pia, na Jumamosi. Kuna nyakati alikuwa anakaa dakika tano, kumi, akitafuta sentensi aliyokuwa nayo mwanzo na sasa haiji. Mikono yangu ilikaa juu ya herufi ikingoja. Sikugusa kitu kingine. Alisema ile ya kwanza ilikuwa bora, na ninamwamini.

Kazi iliwahi. Alihitimu mwaka ule, na nakala yenye jalada gumu iko sebuleni kwetu, pembeni ya redio. Siku alipoileta nilifungua moja kwa moja ukurasa wa shukrani, maana kwa wiki nyingi nilikuwa nautamani na kuuogopa. Sentensi yangu ilikuwa palepale, haikuguswa hata nukta. Mahali patatu, ndani ya kitabu chenye herufi za dhahabu mgongoni na muhuri wa chuo mbele, na nakala nyingine iko kwenye maktaba ambako atakayetaka ataisoma.

Nilimfuata jikoni nikamwuliza kwa nini hakuifuta.

"Niliandika ulivyoniambia," alisema, akaendelea kuchambua mchele.